Dawa za mkojo kwa wanaume: tamsulosini, finasteridi na vidonge vya mitishamba kwa macho ya majaribio

Mwanaume wa miaka sitini anaamka mara nne usiku kwenda kukojoa. Chooni anasimama akisubiri mkojo uanze, unatoka kwa mkondo mwembamba, unakatika, na akishafunga zipu matone yanalowesha suruali. Akifika duka la dawa atatoka na kimoja kati ya vitu vitatu: tamsulosini, finasteridi, au chupa ya vidonge vya mitishamba yenye maneno ya "afya ya tezi dume". Vyote vitatu vimeshapimwa kwa wanaume wengi, na matokeo hayafanani hata kidogo. Tathmini hii inafuata majaribio yenyewe, siyo maandishi ya kwenye boksi.

Kabla ya dawa yoyote kuna rula. Watafiti wanatumia dodoso linaloitwa IPSS, lenye maswali saba kuhusu mwezi uliopita: kuhisi mkojo umebaki kibofuni, kurudi chooni kabla ya saa mbili kupita, mkojo kukatikakatika, kushindwa kuuzuia, mkondo dhaifu, kujikamua ili uanze, na kuamka usiku. Kila swali lina alama 0 hadi 5, jumla 35. Alama 0 hadi 7 ni dalili ndogo, 8 hadi 19 za wastani, 20 na kuendelea ni kali. Swali la nane linasimama peke yake: ungejisikiaje kuishi na hali hii maisha yako yote? Hilo ndilo linaloamua kama dawa inahitajika au la, kwa sababu kuna mtu mwenye alama 15 asiyesumbuka na mwingine mwenye 9 aliyeacha kusafiri kwa basi. Dodoso hujazwa kwa dakika chache. Anayeanza dawa bila kulijaza hatakuwa na namna ya kujua baadaye kama hela yake imefanya kazi. Wagonjwa wengi huanza kuhisi nafuu alama zinaposhuka kama 3.

Sasa tazama rula hiyo ikifanya kazi. Tamsulosini iliidhinishwa Marekani mwaka 1997 baada ya majaribio mawili makubwa ya wiki 13. Katika la kwanza, wanaume walioanza na alama karibu 20 na kumeza miligramu 0.4 kila siku walishuka alama 8.3. Ni nafuu kubwa. Lakini wenzao waliomeza kidonge kitupu, yaani plasebo, nao walishuka 5.5. Katika la pili ilikuwa 5.1 kwa dawa na 3.6 kwa kidonge kitupu. Kwa hiyo kazi ya dawa yenyewe, ukiondoa kila kitu kingine, ni kati ya alama moja na nusu na karibu tatu.

Hiyo alama 5.5 ya kidonge kitupu inatoka wapi? Dalili za mkojo hupanda na kushuka zenyewe, na mtu huenda hospitali au kujiunga na utafiti wakati zimepanda zaidi. Akishaanza kufuatiliwa anapunguza chai ya jioni, anajiangalia, na anafarijika kwamba si saratani. Ndiyo maana ushuhuda wa jirani aliyekunywa kitu fulani "akapona" haupimi chochote. Dawa yoyote, hata unga wa mhogo kwenye kapsuli, ingepata mashahidi wa namna hiyo.

Tamsulosini

Pamoja na hayo, hii ndiyo dawa ya kwanza tunayoipendekeza kwa dalili za wastani na kali. Inalegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya ndani ya tezi dume, ili mrija wa mkojo usibanwe. Tezi haipungui hata kidogo. Faida yake ni kasi: mkondo huanza kufunguka ndani ya siku chache, na baada ya wiki nne unajua kama inakufaa.

Fungua kapsuli moja uone ndani: ni punje ndogondogo nyeupe, kila moja ikiwa na gamba linaloachia dawa taratibu. Ukizitafuna au kuzisaga, gamba linavunjika na dozi ya siku nzima inaingia kwa mpigo mmoja. Mzee asiyeweza kumeza kapsuli asipewe unga wake kwenye uji. Aombe dawa nyingine.

Wakati wa kumeza una uzito kuliko watu wanavyodhani. Maelekezo ni nusu saa baada ya mlo uleule kila siku, na chakula cha usiku kinafaa zaidi. Tumbo likiwa tupu, kilele cha dawa kwenye damu hupanda kwa asilimia 40 hadi 70. Matokeo yake ni kizunguzungu, na hapo ndipo mtu anaanguka akitoka kitandani saa nane usiku kwenda chooni. Anayefunga Ramadhani aisogeze baada ya futari, siyo alfajiri kwa maji tu. Mgonjwa ashushe miguu kwanza pembeni ya kitanda, akae dakika moja, ndipo asimame.

Dawa hii ina mitego minne ambayo maduka mengi hayaitaji. Wa kwanza ni manii: kati ya waliomeza miligramu 0.4 kwenye majaribio, asilimia 8.4 walipata mabadiliko ya kumwaga, mara nyingi manii kuwa machache au kutotoka kabisa; kwa miligramu 0.8 ilikuwa asilimia 18.1. Haina madhara kwa mwili na huisha dawa ikiachwa, lakini mwanaume asiyeambiwa huogopa, huacha dawa kimyakimya na kumdanganya daktari. Wa pili ni jicho. Mwaka 2005 madaktari wa macho walieleza kwamba kwa wanaotumia tamsulosini, mboni inaweza kulegea wakati wa upasuaji wa mtoto wa jicho na kuutatiza. Daktari wa macho lazima ajue, hata kama dawa iliachwa miezi iliyopita, na kama upasuaji umeshapangwa ni bora kutoianza kabla yake. Wa tatu ni kuchanganya na dawa nyingine: ketokonazoli ya kumeza huongeza kiasi cha tamsulosini mwilini karibu mara tatu, na ritonavir, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za VVU za mstari wa pili, huzuia kimeng'enya kilekile kinachoivunja tamsulosini mwilini. Anayetumia ARV ataje majina yote. Wa nne ni kukatiza: ukikosa dozi siku kadhaa ukiwa kwenye 0.8, usirudi moja kwa moja kwenye dozi hiyo. Unaanza tena na 0.4.

Ndugu yake wa bei nafuu ni doksazosini. Inafanya kazi hiyohiyo, ila inashusha presha zaidi, kwa hiyo huanza na miligramu 1 usiku na kuongezwa maradufu kwa hatua, wiki kwa wiki. Watu husema "itanitibu presha na mkojo kwa pamoja". Hapana. Katika utafiti wa ALLHAT, tawi la doksazosini lilisimamishwa mapema mwaka 2000 kwa sababu ya moyo kushindwa kufanya kazi kwa wagonjwa wa presha. Iwe dawa ya mkojo, na presha ipate dawa yake.

Finasteridi

Hii ni dawa ya miaka, na anayeinunua akitegemea nafuu ya mwezi ujao ataiona haifai. Inazuia kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa dihidrotestosteroni, homoni inayoilisha tezi dume, na tezi husinyaa polepole. Nafuu huhitaji miezi sita au zaidi.

Majaribio yake yanafundisha kitu kizuri kuhusu nani anufaike. Mwaka 1996 utafiti wa hospitali za maveterani wa Marekani uliwafuata wanaume 1,229 kwa mwaka mmoja, na finasteridi haikushinda kidonge kitupu. Miaka miwili baadaye utafiti wa PLESS, wanaume 3,040 kwa miaka minne, ukaonyesha picha nyingine: waliofanyiwa upasuaji walikuwa asilimia 5 kwa finasteridi na 10 kwa kidonge kitupu, na waliofungwa mkojo ghafla asilimia 3 dhidi ya 7. Mgongano huo unaeleweka ukiangalia tezi zenyewe. Wa mwaka 1996 wengi walikuwa na tezi ndogo, na huwezi kusinyaza kisichovimba. Waliojiunga na PLESS walikuwa na tezi kubwa. Kwa hiyo finasteridi ni ya mwenye tezi iliyozidi takriban mililita 30 kwenye ultrasaundi, au mwenye PSA, kipimo cha damu cha protini ya tezi dume, juu ya 1.4. Kumpa mwenye tezi ya mililita 20 ni kumpa madhara bila faida.

Jaribio linalostahili kukumbukwa kuliko yote ni MTOPS, lililochapishwa mwaka 2003: wanaume 3,047, wastani wa miaka minne na nusu, makundi manne. Watafiti hawakuangalia alama tu. Walihesabu ugonjwa kusonga mbele, yaani alama kupanda kwa 4 au zaidi, mkojo kufunga, kushindwa kuuzuia, figo kuharibika, au maambukizi ya kujirudia. Doksazosini ilipunguza hatari hiyo kwa asilimia 39, finasteridi kwa 34, na mbili kwa pamoja kwa 66. Lakini ukitenganisha, doksazosini peke yake haikuzuia watu kufungwa mkojo wala kufika kwenye kisu kwa muda mrefu, finasteridi ilizuia. Hapo ndipo tofauti ya dawa hizi mbili inapokaa: moja inakupa usingizi wa wiki hii, nyingine inakukinga na mpira wa mkojo miaka mitatu ijayo. Mwenye tezi kubwa na dalili kali anahitaji zote mbili, na CombAT, wanaume 4,844 kwa miaka minne, ilithibitisha jambo hilo kwa tamsulosini na dutasteridi, dawa ya jamii moja na finasteridi.

Madhara yake ni hamu ya tendo kupungua, nguvu za kiume kulegea kwa baadhi, na mara chache matiti kuvimba au kuuma. Mjamzito asishike kidonge kilichovunjika. Kuna na hili, ambalo linaua: finasteridi hushusha PSA kwa karibu nusu ndani ya miezi sita hadi kumi na mbili. Majibu ya maabara yakisema 3, zidisha mara mbili; ni 6. Na PSA inayopanda kutoka kiwango chake cha chini wakati mgonjwa anameza dawa vizuri haipaswi kupuuzwa hata kama bado iko ndani ya "kawaida" iliyochapwa kwenye karatasi. Pima PSA kabla ya kidonge cha kwanza, uandike tarehe.

Angalia na nguvu ya kidonge. Finasteridi ya miligramu 1 ni ya nywele. Ya mkojo ni miligramu 5.

Saw palmetto

Hili ndilo jina lililojaa kwenye chupa za mitishamba. Linatoka kwenye tunda la Serenoa repens, kichaka cha jamii ya mitende kinachoota kusini-mashariki mwa Marekani, Florida hasa. Dozi ya kawaida ni miligramu 320 kwa siku.

Kwa miaka mingi majaribio madogo na mafupi yalisema inasaidia. Kisha likaja jaribio lililochapishwa mwaka 2006, liitwalo STEP: wanaume 225, miligramu 160 mara mbili kwa siku, mwaka mzima. Tofauti ya alama kati ya saw palmetto na kidonge kitupu ilikuwa 0.04. Watetezi wakasema dozi ilikuwa ndogo. Hoja ilikuwa na haki ya kujibiwa, na ilijibiwa kwa uangalifu: katika CAMUS, iliyochapishwa mwaka 2011, wanaume 369 walianza na miligramu 320, wakapandishwa hadi 640 na kisha 960, kila hatua wiki 24. Baada ya wiki 72, waliomeza saw palmetto walishuka alama 2.20. Waliomeza kidonge kitupu walishuka 2.99.

Yaani kitupu kilishinda kidogo. Kuamka usiku, mkondo, PSA, vyote havikutofautiana. Kwa upande wa usalama haikuleta shida ya maana hata kwa dozi mara tatu, na hilo tunaliandika kwa haki. Lakini hatuipendekezi, na tunasikitika kila mzee anapolipia chupa ya mwezi wakati tamsulosini isiyo na jina kubwa ingemsaidia kweli.

Magome ya Prunus africana

Huu ni mti wetu. Wakikuyu wanauita muiri. Unaota kwenye misitu ya milimani, Mlima Kenya na Kilimanjaro ikiwemo, na ndio chanzo cha dawa iliyoanza kuuzwa Ulaya kwa jina la pygeum. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2002 yalikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562: kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19, mkojo unaobaki kibofuni kwa 24, na kasi ya mkondo iliongezeka kwa 23. Ukisoma hapo utasema tumepata. Tatizo ni kwamba wastani wa muda ulikuwa siku 64 tu, majaribio mengi hayakutumia dodoso la IPSS, na saw palmetto nayo ilionekana hivyohivyo kabla ya kupimwa kwa mwaka mzima. Jaribio kubwa la namna ya CAMUS kwa pygeum lingekuwa na thamani kubwa, na pangekuwa na heshima likifanyika huku mti unakoota.

Kwa anayechemsha magome nyumbani: kilichopimwa ni kimumunyo cha mafuta cha magome, miligramu 75 hadi 200 kwa siku, kilichosanifiwa kiwandani. Maji ya moto hayatoi kemikali hizo kwa kiasi hicho. Sufuria ya magome ni kitu kingine ambacho hakikupimwa. Na mti ukivuliwa gome pande zote hukauka. Biashara yake ya kimataifa imewekewa udhibiti wa CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwaka 1995.

Kijitabu na birika

Kitu cha nne hakiuzwi. Mwaka 2023 matokeo ya TRIUMPH yalichapishwa Uingereza: wanaume 1,077 katika vituo 30 vya daktari wa familia. Baadhi ya vituo vilimpa mgonjwa kijitabu cha mafunzo ya kibofu, muuguzi akamwonyesha kurasa zinazomhusu na kumpigia simu baadaye. Baada ya miezi 12 alama zao zilikuwa chini kwa 1.81 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Watafiti walikuwa wamepanga 2.0 kuwa ndiyo kiwango cha maana, kwa hiyo hawakufika. Lakini linganisha 1.81 na ile alama moja na nusu ya tamsulosini kwenye jaribio la pili, kisha kumbuka kwamba hapa hakuna kizunguzungu.

Yaliyomo ni rahisi. Anza na birika lenye alama za mililita na daftari: siku tatu, pima kila mkojo, andika saa na kiasi. Kwa mtu mzima wa makamo na kuendelea, mkojo wa usiku, ukijumlisha na ule wa kwanza wa asubuhi, ukizidi theluthi moja ya mkojo wa saa 24, shida si tezi dume pekee. Ni figo zinazotoa maji usiku: vinywaji vya jioni, miguu iliyovimba ambayo maji yake hurudi mtu akilala, moyo, au kukoroma kwa kukatika pumzi. Hakuna kidonge cha tezi dume kitakachotibu hilo. Jumla ya siku ikizidi lita 2.8 kwa mtu wa kilo 70, pima sukari kwanza.

Matone ya mwisho nayo yana ufundi wake. Ukimaliza kukojoa, subiri sekunde chache. Weka ncha za vidole vitatu nyuma ya korodani, kama upana wa kidole kimoja, bonyeza taratibu kwenda juu na mbele hadi kwenye shina la uume, kisha ukung'ute. Rudia mara mbili. Mkojo uliokaa kwenye kipinda cha mrija unatoka chooni badala ya kutokea kwenye suruali. Ni sekunde kumi, na kwa hili kidonge hakina msaada.

Mengineyo, kwa haraka

Tadalafili ya miligramu 5 kila siku iliidhinishwa Marekani kwa dalili hizi mwaka 2011. Inafaa mwenye tatizo la nguvu za kiume pia, na ni marufuku kabisa kwa anayetumia dawa za nitrati za moyo. Mirabegroni ni ya kibofu chenye haraka, pale mkondo ni mzuri lakini mtu hafiki chooni. Kwa kijana mwenye damu kwenye mkojo kutoka Pemba, Unguja au kanda ya Ziwa, fikiria kichocho kabla ya tezi dume.

Dukani, soma jina la dawa na nguvu yake kwenye karatasi ya vidonge yenyewe, siyo boksi tu, na kwa Tanzania dai namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Chupa za mitishamba zinazoahidi mkojo na nguvu za kiume kwa pamoja ziogopwe zaidi. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, imetangaza mara nyingi vidonge vya aina hiyo vilivyokutwa na sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, isiyoandikwa. Na mwenye tezi dume kubwa akipata mafua, asipewe Piriton wala dawa ya kufungua pua yenye pseudoefedrini bila kuulizwa: zote mbili zinaweza kumfunga mkojo usiku huohuo. Ukifunga kabisa, kibofu kikajaa na kuuma, hakuna kapsuli ya kusubiriwa. Ni hospitali, kuwekewa mpira, na tamsulosini ianze siku hiyo. Mara nyingi hutolewa mpira baada ya siku mbili au tatu kujaribu kama mkojo utatoka wenyewe.